Sampuli za Viumbe Kwenye Makumbusho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mgeni wa makumbusho huona mifupa ya tembo, hupita kwenye vioo vya nyoka, hupiga picha mbili tatu na kuondoka. Nyuma ya kuta hizo kuna vyumba asivyoingia, vyenye kabati za chuma kutoka sakafuni hadi darini, na ndani yake viumbe waliohifadhiwa kwa ajili ya utafiti. Maswali haya yanahusu vyumba hivyo, kwa mifano mingi ya Afrika Mashariki na Kongo, kwa kuwa historia yetu humo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Sampuli ni nini hasa? Ni wale wanyama waliojazwa pamba kwenye vioo?

Wale wa kwenye vioo ni wachache mno ukilinganisha na waliomo ndani. Vuta droo ya ndege utawakuta wamelazwa chali, mabawa yamebanwa ubavuni, miguu imefungwa pamoja kwa uzi, na palipokuwa na macho pana pamba nyeupe. Hakuna jicho la kioo wala tawi la kukalia. Ndege huyo hakutengenezwa apendeze, alitengenezwa apimike.

Samaki, vyura na nyoka hutiwa fomalini kwanza ili minofu isioze, kisha huhamishiwa kwenye spiriti, mara nyingi ya asilimia 70. Wadudu huchomwa pini. Mimea hukandamizwa kati ya magazeti hadi ikauke, ikabandikwa kwenye karatasi ngumu. Mifupa mara nyingi husafishwa na mbawakawa wadogo wanaofugwa kwa kazi hiyo, ambao hula nyama yote hadi mfupa ubaki mtupu. Siku hizi huongezwa pia kipande cha ini au msuli kwenye kichupa na kugandishwa, kwa ajili ya vinasaba.

Mwaka 2023 makumbusho 73 makubwa kutoka nchi 28 yaliunganisha hesabu zao, jumla ikazidi vitu bilioni 1.1.

Kwa nini mnasema lebo ina thamani kuliko ngozi?

Kwa sababu ngozi bila lebo haitaji mahali wala wakati. Lebo nzuri ina mahali (siyo “Tanga” tu, bali kijiji, mlima, mwinuko kutoka usawa wa bahari), tarehe, jina la aliyekusanya, na namba inayolingana na daftari lake la safari. Wakusanyaji makini huongeza uzito, rangi ya macho kabla haijafifia, na kilichokutwa tumboni. Popo mwenye maelezo hayo ni ushahidi kwamba kiumbe fulani aliishi mahali fulani siku fulani, na ushahidi huo hauwezi kuandaliwa tena baada ya miaka hamsini. Popo asiye nayo atafaa kufundishia darasani, basi.

Siku hizi kuna kamera na simu nzuri. Picha haitoshi?

Wakati mwingine inatosha. Kuhesabu twiga hakuhitaji kuua twiga. Lakini kisa cha kima aitwaye kipunji kinaonyesha picha inapofikia mwisho wake.

Wanyakyusa wanaoishi kuzunguka Mlima Rungwe walikuwa na jina la kipunji muda mrefu kabla ya mtaalamu yeyote kumwona. Kati ya mwaka 2003 na 2004 watafiti walimthibitisha kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone, na wengine, bila kujua habari za wenzao, wakamwona Ndundulu katika milima ya Udzungwa. Kwa kuwa kima huyo ni adimu, hawakutaka kuua hata mmoja. Maelezo rasmi yakachapishwa mwaka 2005 kwa kutegemea picha, na kwa sura yake akawekwa katika jenasi moja (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) na kima fulani wa Afrika waitwao mangabei.

Baadaye mwaka huohuo kipunji dume ambaye hajakomaa alinaswa na kufa kwenye mtego wa mkulima huko Rungwe. Hakuna mtafiti aliyemtega, lakini mwili wake ulihifadhiwa. Sasa ikawezekana kupima fuvu, kuhesabu meno na kusoma vinasaba, na majibu yakapindua kila kitu: kipunji ana undugu wa karibu na nyani kuliko na mangabei waliodhaniwa kuwa ndugu zake. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Picha ilituambia kwamba yupo. Mwili ndio uliotuambia yeye ni nani.

Mimi naona watafiti wale walifanya sawa kutoua. Naona pia kwamba mkulima, au yeyote aliyehakikisha mzoga ule hautupwi, aliifanyia sayansi kazi kubwa.

Mfano wa kupoteza nafasi ya namna hiyo upo. Silakanti wa kwanza alipovuliwa Afrika Kusini Desemba 1938, samaki ambaye ukoo wake ulidhaniwa umetoweka tangu enzi za dinosaria, alianza kuoza katika joto la kiangazi, viungo vya ndani vikatupwa, ikabaki ngozi. Wanasayansi walisubiri hadi Desemba 1952, alipopatikana mwingine Komoro, ndipo wakaona matumbo yake. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa Tanga nao wamekuwa wakiwanasa kwenye nyavu zao.

Mmoja wa kila aina hatoshi? Kwa nini droo nzima ya ndege wanaofanana?

Hawafanani. Pima mabawa ya ndege hamsini wa spishi moja utapata namba tofauti, na tofauti hizo ndizo zinazochunguzwa: dume na jike, mchanga na mzee, wa pwani na wa milimani, wa mwaka ule na wa mwaka huu.

Jumba la makumbusho la Field, Chicago, lina mfano ninaoupenda sana. Kila msimu wa kuhama, ndege hugonga majengo ya vioo ya mji huo usiku na kufa. Mfanyakazi wa makumbusho, David Willard, alianza kuwaokota mwaka 1978, akawapima mmoja mmoja kwa mkono wake. Hadi mwaka 2016 walikuwa wamefika 70,716 wa spishi 52. Vipimo vilipochambuliwa ilionekana kwamba mfupa wa mguu umefupika kwa asilimia 2.4, huku mabawa yakirefuka kwa asilimia 1.3. Miili inapungua kadiri hali ya hewa inavyopata joto, na bawa refu huenda linafidia mwili mdogo katika safari ndefu. Mabadiliko madogo kiasi hicho hayaonekani kwa macho, na ndege mmoja wa kila aina asingeyaonyesha kamwe.

Je, sampuli za zamani zimewahi kutatua tatizo la kweli la maisha ya watu?

Mara nyingi, na karibu kila mara kwa swali ambalo mkusanyaji hakuwa nalo kichwani. Ndiyo hoja yangu kubwa katika ukurasa huu wote: hatujui leo watakaokuja watatuuliza nini, kwa hiyo tunawawekea kitu chenyewe, maana maoni yetu kukihusu hayatawatosha.

Anza na mayai. Uingereza, katika miaka ya 1950, kozi, ndege wawindaji, walianza kupungua na mayai yakawa yanapasuka kwenye viota. Derek Ratcliffe alipima maganda ya mayai yaliyokusanywa kwa miongo mingi na watu ambao wengi wao walipenda tu kukusanya mayai. Alichochapisha mwaka 1967 kilikuwa wazi: maganda yalianza kuwa membamba karibu mwaka 1947, mara tu DDT, dawa ya kuua wadudu, ilipoanza kutumika mashambani. Bila mayai ya kabla ya vita, nani angejua unene wa kawaida ulikuwa upi? Marekani nako walipima maganda wakapata jambo hilohilo, na mwaka 1972 matumizi ya DDT mashambani yakapigwa marufuku huko.

Mwaka 1993 vijana wenye afya walianza kufa kwa ugonjwa wa mapafu kusini magharibi mwa Marekani. Ilibainika ni virusi vya hanta vinavyobebwa na panya. Wengine walihofu kwamba ni virusi vipya kabisa. Vyuo vikuu vya New Mexico na Texas vilikuwa na tishu za panya zilizogandishwa miaka ya nyuma, na zilipopimwa virusi vikakutwa humo. Havikuwa vipya. Vilikuwepo siku zote, ila hakuna aliyevitafuta.

Kinshasa kuna kisa kinachofanana na hicho, ingawa si cha makumbusho kwa jina. Kipande cha tishu ya mgonjwa kilichohifadhiwa ndani ya nta mwaka 1960 kilipimwa karibu miaka hamsini baadaye, kikakutwa na VVU. Kililinganishwa na damu iliyochukuliwa mjini humohumo mwaka 1959. Virusi vya sampuli hizo mbili vilikuwa vimeshatofautiana sana, kwa hiyo asili yao ya pamoja ilikadiriwa kuwa mwanzoni mwa karne ya 20, miongo mingi kabla ya dunia kusikia neno UKIMWI.

Masizi je? Watafiti wawili wa Chicago walipiga picha ndege zaidi ya 1,300 waliokusanywa kwa miaka 135 katika eneo la viwanda la Marekani. Wale wa mwanzoni mwa karne ya 20 wana vifua vyeusi kwa moshi wa makaa ya mawe, na waliokusanywa karibuni ni safi. Weusi ule ulipimwa ukawa rekodi ya uchafuzi wa hewa wa enzi ambazo vipimo vilikuwa vichache.

Hata jani kavu husema. Mwaka 1987 ilichapishwa hesabu ya vitundu vya kupumulia kwenye majani ya miti yaliyohifadhiwa Cambridge: ndani ya miaka 200 vilikuwa vimepungua kwa takriban asilimia 40, jinsi kabonidioksidi ilivyozidi hewani.

Na kwetu je? Kuna mfano wa Afrika Mashariki?

Furu wa Ziwa Victoria. Samaki hawa wadogo walikuwa zaidi ya spishi 500 kwa makadirio ya wengi, kila moja na kazi yake: mla konokono, mla mwani, mla magamba ya wenzake, hata waliokula mayai na vifaranga kutoka kinywani mwa majike wanaoatamia. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na katika miaka ya 1980 akaongezeka kwa kasi. Wakati huohuo maji yalikuwa yakichafuka na oksijeni ya chini kupungua. Furu wakaporomoka. Inakadiriwa spishi kama 200 zilitoweka au zilibaki kwenye ukingo wa kutoweka.

Tunajuaje kilichopotea? Kwa sababu kabla ya hapo kuna watu waliowaweka kwenye chupa. Humphry Greenwood aliwachambua furu kwa miaka mingi na kuwahifadhi London. Kuanzia mwaka 1977 kundi la Waholanzi kutoka Leiden, wakifanya kazi Mwanza, walivua kwa mpangilio kwenye ghuba ya Mwanza, wakatia samaki wao fomalini. Walidhani wanasoma ikolojia ya kawaida ya ziwa, kumbe walikuwa wanaandika hali ya mwisho kabla ya anguko.

Miaka ya 1990 baadhi ya furu walianza kurudi, hasa wale wala vijidudu vya majini. Wakatolewa wa zamani kwenye chupa, wakawekwa mezani pamoja na wapya wa spishi ileile, kutoka ghuba ileile. Mashavu ya kupumulia yalikuwa yamepanuka, umbo la kichwa limebadilika, na chakula chao kimehamia kwenye mawindo makubwa zaidi. Mageuzi ya viumbe yaliyoonekana ndani ya miaka ishirini hivi, si ya mamilioni. Mvuvi wa Mwanza anayesema furu wa leo si wale wa baba yake anasema kweli, na chupa za Leiden zinamuunga mkono.

Ugunduzi unaweza kufanyika ndani ya makumbusho yenyewe?

Unaweza, na kiumbe anaweza kukaa kwenye kabati miaka mingi kabla hajatambuliwa. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin, akiwa Ituri, Kongo, alipata unyoya kwenye kofia ya mwenyeji. Hakuujua ni wa ndege gani, akautunza. Mwaka 1936, akiwa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akaona ndege wawili juu ya kabati, wameandikwa kuwa ni tausi wachanga wa India. Manyoya yao yalilingana na unyoya wake. Walikuwa tausi wa Kongo, Afropavo congensis, ambaye hakuna mtaalamu wa Ulaya aliyejua kwamba Afrika inaye. Mwaka uliofuata Chapin alirudi Kongo na kuwapata walio hai. Wenyeji, bila shaka, walimjua siku zote, na wamevaa manyoya yake.

Sampuli za nchi zetu ziko wapi?

Nyingi ziko Ulaya na Marekani, na hili lazima lisemwe bila kuzungukazunguka. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, Lindi. Mamia ya Watanganyika ndio waliochimba, chini ya wasimamizi wenyeji ambaye mkuu wao, Boheti bin Amrani, alikuwa fundi hodari wa kutoa mifupa ardhini. Wapagazi walibeba zaidi ya tani 200 kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Leo dinosaria Giraffatitan amesimama Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mifupa hiyo bado inafanya kazi: vipande vilivyotobolewa kutoka ndani yake vimesaidia kueleza jinsi majitu yale yalivyokua. Mtoto wa Lindi hajaiona.

Mimea ina historia yake. Taasisi ya Amani, katika milima ya Usambara, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ikaanza kukusanya mimea iliyokaushwa. Karibu mwaka 1950 mkusanyo huo ulihamishiwa Nairobi, na leo Hebaria (ghala la mimea iliyokaushwa) ya Afrika Mashariki, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ina karatasi takriban milioni moja. Sampuli nyingine zilizopelekwa Berlin hazikuwa na bahati: usiku wa Machi 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya hebaria ya mji huo, pamoja na sampuli ambazo majina ya mimea mingi ya Tanganyika yalitegemea. Iliyookoa hali ni desturi ya wakusanyaji kugawa tawi moja vipande kadhaa na kuvipeleka mahali mbalimbali.

Kwa hiyo anayesema “ziko salama zaidi Ulaya” naye aikumbuke Berlin. Tuna hebaria Arusha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makerere, kuna Yangambi na Lwiro huko Kongo. Zinahitaji umeme usiokatika, spiriti ya kutosha na mishahara ya watunzaji. Na makumbusho ya nje yanapaswa kurudisha angalau taarifa na picha za kila kilichotoka kwetu, na pale inapowezekana, sampuli zenyewe. Tangu Itifaki ya Nagoya ianze kutumika mwaka 2014, nchi zilizoiridhia zina msingi wa kisheria wa kudai mgao wa faida inayotokana na vinasaba vya viumbe wao.

Kukusanya hakumalizi viumbe?

Historia ina aibu zake. Ndege wa mwisho wanaojulikana wa jamii ya auki mkubwa, wasioruka, waliuawa kwenye kisiwa cha Eldey, Iceland, Juni 1844, kwa sababu kulikuwa na wanunuzi wa ngozi zao. Spishi ilikuwa imeshamalizwa na wawindaji wa nyama na manyoya, lakini wakusanyaji ndio waliompiga pigo la mwisho. Anayetetea makumbusho asiufiche ukweli huo.

Leo mambo ni tofauti. Tanzania mtafiti anahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na idhini ya Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI), na Kenya kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI) na idhini ya mamlaka za wanyamapori. Idadi inayoruhusiwa ni ndogo, na sampuli nyingi hutokana na ajali, mitego na vifo vya kawaida. Ukilinganisha na msitu unaokatwa au ndege wanaoliwa na paka, kinachochukuliwa na wanasayansi ni kidogo mno. Kwa spishi iliyobaki wachache, msimamo wangu ni kwamba mtafiti aridhike na damu, unyoya au kinyesi.

Sampuli hudumu muda gani?

Karne kadhaa zikitunzwa. Adui mkubwa ni wadudu wala ngozi, ambao wanaweza kugeuza droo ya vipepeo kuwa vumbi. Ndiyo maana kila kinachoingia hugandishwa kwanza. Unyevu wa pwani huleta ukungu, mwanga hufifisha rangi, na spiriti hupungua kwenye chupa polepole bila mtu kugundua. Kisha kuna moto. Septemba 2, 2018, Makumbusho ya Taifa ya Brazili jijini Rio de Janeiro yaliungua, yakiwa na vitu takriban milioni 20. Mamilioni ya wadudu waliteketea, wengine kutoka misitu ambayo haipo tena.

Ni kweli ngozi za zamani zina sumu?

Ndiyo. Zamani zilipakwa sabuni ya aseniki ili wadudu wasizile. Zishikwe kwa glavu, na usile chochote chumbani humo.

Zikishapigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, bado zinahitajika?

Zinahitajika. Kuziweka mtandaoni ni jambo jema sana, hasa kwetu: mwanafunzi wa Dodoma anaweza leo kutazama karatasi ya mmea uliokusanywa Usambara ukahifadhiwa London, bila kuomba viza. Mtandao wa GBIF hukusanya rekodi za aina hiyo kutoka duniani kote na kuzitoa bure. Lakini picha ina yale tu ambayo kamera iliona siku ile. Masizi, virusi na vinasaba havikuonekana na kamera yoyote.

Mimi si mwanasayansi. Naweza kuziona?

Wanafunzi na watafiti huruhusiwa wakiandika barua mapema, wakaeleza wanataka kuona nini na kwa sababu gani. Mwalimu anayetaka kuleta darasa aongee na kitengo cha elimu. Watunzaji wengi hufurahi kupata wageni wenye hamu ya kujua, kwa sababu hawawapati mara kwa mara.

Nimeokota ndege aliyekufa, au nyoka aliyegongwa barabarani. Nifanye nini?

Usimpeleke nyumbani. Kisheria mnyamapori, hata akiwa mzoga, ni mali ya umma, na kuwa naye bila kibali ni kosa. Mpige picha kutoka juu, ubavuni na usoni, andika mahali na saa, kisha wasiliana na ofisi ya wanyamapori au makumbusho ya karibu. Wakikuelekeza umchukue, tumia mfuko wa plastiki uliogeuzwa nje ndani kama glavu. Weka karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa penseli, kwa maana wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti, na mgandishe haraka. Nyoka usimguse hata akionekana amekufa, kwa sababu kichwa chake kinaweza kuuma muda mrefu baada ya kufa. Na ukikuta ndege wengi wamekufa pamoja, usimshike hata mmoja. Mpigie afisa mifugo kwanza, kwa kuwa huenda ni mafua ya ndege.